Mkaza Nati Hakunji Pini

Ngamiani, Tanga
26 Mei

Kwa mwanangu mpendwa Devota,

Amani ya Bwana iwe nawe, na iwe juu ya paa la zahanati yako, na juu ya kina mama wote wanaokutegemea huko mlimani. Mimi baba yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kufuata tabia za mvua.

Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Wiki tatu zimepita tangu uniulize kwa simu ni nini hasa kilichotokea katika gurudumu lako, nami nikakwambia kwamba mtandao ni mbaya na sikusikii. Mtandao ulikuwa mzuri, na nilikusikia. Ninaomba msamaha kwa hilo kwanza, kabla ya mengine.

Sikuweza kukusimulia kwa mdomo. Nimekata kurasa za daftari langu la masika haya na kuzitia katika bahasha hii kama zilivyo. Sikufuta neno, ingawa yamo maneno ambayo mtu aliyelelewa misheni hakupaswa kuyaandika juu ya jirani yake. Naomba uyasome kwa kufuata tarehe.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha kabla ya adhana ya alfajiri. Kambi ya watalii ya Ushongo imefunga msimu, na lori limeleta hapa uani kwa Bi Mwanamkasi zile pikipiki zao tatu za matairi manne, ambazo wenyewe huziita kwadi. Bwana Anold, meneja wa kambi, amekuja nazo. Huvaa miwani ya jua hata mbingu ikiwa imefunikwa kama sufuria.

"Shikamoo, mzee. Usukani wa hizi unacheza."

"Marahaba. Huwa mnaziosha?"

"Kila siku, mzee. Tena kwa pampu."

"Kwa maji gani?"

Akatazama viatu vyake. "Ya bahari. Ya kisima ni ya wageni."

Nilimshukuru kwa ukweli wake. Sikumwambia kwamba mtu anayeosha chuma kwa maji ya chumvi, kisha akashangaa kikiliwa, hana tofauti na anayemnywesha mtoto siki akashangaa akilia. Nilipandisha gurudumu kwa jeki, nikalishika juu na chini, nikalitikisa. Liligonga kama mlango usio na komeo. Hapo ujue vifundo vimekufa. Nikalishika kushoto na kulia, likagonga tena. Hapo ujue ncha za fimbo za usukani nazo zimekufa. Mafundi wa mjini husema boljointi. Mimi husema kifundo, kwa kuwa hufanya kazi ile ile ya kifundo cha mguu wa mtu: tufe la chuma ndani ya kikombe, limefunikwa kofia ya mpira ili uchafu usiingie. Kofia ikipasuka, kifundo hakina siku nyingi.

Kofia kumi na mbili nimezikagua leo. Nzima ilikuwa moja, na nadhani ni kwa bahati mbaya.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Luqmani ameimba.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Luqmani ameimba tena, wimbo ule ule, ubeti ule ule.

Jumamosi, 15 Machi

Nimhesabie haki yake, kwa kuwa namwandika mara nyingi. Luqmani ni mtu wa miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa hapa hapa Ngamiani, na kwa miaka sita tumegawana bati moja katika ua huu: mimi upande wa ukuta, yeye upande wa lango. Ni mwaminifu. Sinywi chai mbele yake mwezi huu wa Ramadhani, naye hanitanii kwa kuwa mimi nafunga Kwaresma huku nakunywa chai. Lakini ufundi aliuokota barabarani kama mtu anavyookota mafua. Mimi hukitoa kifundo kwa pula, kile chombo cha kuvutia, taratibu, mpaka kiachie chenyewe. Yeye hugonga nyundo ubavuni mara mbili kikaanguka, kisha hunitazama na kutabasamu kama aliyefumbua kitendawili.

Tunapatana kwa jambo moja tu, nalo nililileta mimi. Katika karakana ya misheni, fundi wetu mkuu, Mwalimu Yona, alituwekea sheria: mkaza nati hakunji pini. Nati ya kifundo ina meno kama taji, na shina lake lina tundu. Baada ya kukaza, kipini cha miguu miwili hupenya katikati ya meno na tunduni, kisha miguu yake hukunjwa ili nati isirudi nyuma. Fundi aliyekaza haruhusiwi kutia kipini hicho. Hukitia mwenzake, baada ya kupitia kazi yote kwa jicho lake. Mwalimu Yona alisema mtu hulipenda kosa lake kama anavyoipenda harufu ya shuka lake.

Kwa hiyo kwa miaka sita Luqmani amekunja pini zangu, nami nimekunja zake. Zake nyingi nimezirudisha.

Jumatatu, 24 Machi

Kwadi ya zahanati ya Devota imeshushwa kutoka mlimani juu ya lori la ndizi, na ndizi chache zimeshuka nayo, kwa hisani ya binti yangu. Hii si ya kutembezea wageni mchangani. Ile njia inayopanda nyuma ya Amani kuelekea vijiji vyake vitatu haipiti gari masika yakikolea. Upande mmoja ni ukingo wa udongo, upande wa pili ni bonde ambalo hujui mwisho wake kwa sababu ya ukungu. Mama akishikwa na uchungu huko, Devota hupanda kwadi na sanduku lake nyuma.

Nimeitikisa magurudumu. Vifundo vinne vya mbele vimekwisha. Kazi hii nitaifanya kama kwamba marehemu mama yake amesimama mlangoni.

Alhamisi, 27 Machi

Leo tumekosana, na ninaandika ili nisijidanganye baadaye kuhusu nani alisema nini.

Nilikuwa nimeagiza vifundo vya kufungwa kiwandani, visivyo na tundu la grisi, vyenye kofia nene. Luqmani alikuja akakigeuza kimoja kiganjani kama muuza embe.

"Mzee wangu, hivi vya Devota?"

"Ndivyo."

"Huko juu ni matope asubuhi, matope jioni. Kofia ikitoboka, hiki huna pa kukitilia grisi, wakizika tu. Mtilie vyenye chuchu ya grisi. Kila Jumamosi anasukuma bomba, maji machafu yatoka, grisi mpya yaingia. Basi."

"Bwana Luqmani, kifundo chenye tundu ni kifundo kilichokiri udhaifu kabla ya kazi."

"Na kisicho na tundu?"

"Ni kifundo kilichotengenezwa na watu wanaojua wanachofanya."

Akacheka. "Mzee, wewe ungeweza ungewaziba wanadamu midomo, wasiingiwe na vumbi."

Bi Mwanamkasi, mwenye ua, alikuwa anaanua nguo, akacheka pia. Ningeweza kukistahimili kicheko kimoja. Nikamwambia Luqmani, kwa adabu zote, kwamba mtu aliyejifunza kazi kwa kugonga asinifundishe kuchagua. Nikaongeza, na hapa naomba radhi kwa Mungu, kwamba pini za kwadi ya binti yangu hazitahitaji mkono wake.

Kicheko kilimwisha. "Haya, mzee," akasema. "Kazi yako, mwanao."

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idi. Luqmani ameniletea sahani ya pilau, imefunikwa kwa sahani nyingine, mwenyewe, na kanzu yake. Nimemshukuru na kumpa mkono wa Idi. Pilau ilikuwa nzuri mno. Hilo halibadilishi chochote kuhusu vifundo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeifunga kazi ya Devota. Nilizipanga pini nne mpya katika kisahani cha maua mekundu, kimoja cha vile viwili vilivyobaki vya seti ya marehemu. Upande wa kushoto nimemaliza, juu na chini, nati zimekazwa kwa nguvu inayotakiwa, pini zimekunjwa vizuri kama pembe za ukurasa. Upande wa kulia nilikuwa nimemaliza juu, na chini nimekaza, Bwana Anold alipoingia na simu yake mkononi kunionyesha video.

Katika video hiyo mtu wa nchi za mbali anapaka vifundo mafuta ya kupikia. Bwana Anold aliuliza kama haingekuwa rahisi tufanye hivyo kwa zile tatu za Ushongo. Nilimpa kiti. Nilimweleza tofauti ya grisi na mafuta ya mandazi, na tofauti ya chumvi ya chakula na chumvi ya bahari, na kwa nini mpira hulainika na kupasuka ukipakwa kitu kisichokuwa chake. Nusu saa imepotea. Alisema, "Sawa mzee, lakini jamaa ana wafuasi laki mbili." Nilimwambia kwamba hata nzi wana kidonda wanachokifuata.

Baada yake nilinawa mikono, nikashusha jeki, nikairudisha pula katika sanduku. Luqmani alikuwa langoni kwake, hakuimba. Sikumwita.

Ijumaa, 4 Aprili

Kwadi ya Devota imepanda na lori la ndizi. Mvua kubwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi nimekuta pini moja mpya katika kisahani changu. Zangu nilikuwa nimezitumia. Ndiyo tabia ya Luqmani, huacha vitu vyake popote kama kuku anayetaga njiani. Nimeirudisha katika kopo lake la pini alipokuwa amekwenda sokoni, bila neno, maana maneno kwake ni kumwaga maji mchangani.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Luqmani bado haimbi. Ninakiri kwamba kazi huenda haraka zaidi bila wimbo wake, ingawa siku huwa ndefu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimekwenda ibada kwa miguu, viatu mkononi, barabara zote zimekuwa mito. Mhubiri alisema kwa muda mrefu juu ya Petro na yule jogoo. Hakuwa na jipya.

Jumatano, 23 Aprili

Devota amepiga simu.

"Baba, shikamoo. Kwadi inakwenda vizuri. Ila kuna kitu kinaita upande wa kulia. Ka, ka, ka, nikipita kwenye mizizi."

"Ni mawe yanarushwa na tairi, mwanangu."

"Kinaita hata pasipo na mawe, baba."

"Basi ni vifundo vipya. Vipya huwa vigumu, lazima vizoeane na njia."

"Haya, baba. Samahani kwa kukusumbua."

Wauguzi kwa kazi yao husikia ugonjwa kila mahali. Nilimwambia hivyo, akacheka kwa heshima.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua siku nzima. Bwana Anold ameuliza kama kwadi zake zitakuwa tayari Juni. Nimemjibu kwamba zitakuwa tayari kabla yake.

Ijumaa, 2 Mei

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nianze na saa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, na Devota akampigia Bi Mwanamkasi. Nilimwona Bi Mwanamkasi akija na simu mbele yake kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Sauti ya binti yangu ilikuwa tulivu, ile sauti wanayofundishwa kuwasemea wagonjwa. Gurudumu la mbele la kulia limekunjika. Limelala ubavu chini ya kwadi kama mguu uliovunjika. Ilikuwa kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji cha juu, akienda kwa mama aliyekuwa katika uchungu tangu jana. Kwadi ilivuta kulia ikaingia kwenye ukingo wa udongo na kusimama. Yeye ameumia bega tu. Amelichukua sanduku kichwani, amekwenda kwa miguu, amefika, mtoto amezaliwa, ni wa kike.

"Ulikuwa unapanda?" nilimuuliza.

"Ndiyo, baba."

Alikuwa anapanda, na anayepanda ukingo uko kulia kwake. Angekuwa anashuka, kulia kungekuwa bonde.

Nilikaa. Bi Mwanamkasi aliniletea maji, nikamshukuru, nikayashika. Nilisema kwa sauti kwamba kiwanda kimenisaliti, kwamba hawatengenezi tena vitu kama zamani, kwamba nitawaandikia barua. Luqmani alikuwa amesimama na nyundo yake. Aliiweka chini, akanawa, akavaa koti la mvua.

"Nipe pula yako, mzee," akasema. "Nyundo isije ikamharibia mkono wa gurudumu."

Amekwenda mlimani kwa bodaboda, katika mvua hii. Sikumtuma.

Jumamosi, 3 Mei

Amerudi saa nane mchana, matope mpaka nyusi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kifundo changu kimevunjika wapi?"

"Hakijavunjika. Kizima. Kofia nzima, ndani halijaingia hata tone la maji. Kwa kuchagua ulinishinda, nakubali."

Alifungua leso, akaniwekea nati kiganjani. Ilikuwa ya chini, ya kulia.

"Nimeiokota matopeni, hatua thelathini hivi nyuma ya kona. Tundu la pini kwenye shina ni safi, mzee. Halina hata mkwaruzo."

Nilielewa kabla hajamaliza. Pini ikikatika huacha vipande tunduni, ikichomoka hukwaruza. Tundu safi ni tundu ambalo halikuwahi kuingizwa kitu. Nati ilikaa mwezi mzima ikirudi nyuma uzi baada ya uzi, na binti yangu akaisikia, nami nikamwambia ni mawe.

Bi Mwanamkasi akaja mbio. "Ehe, Luqmani, kumbe kulikuwa na nini?"

"Pini ilikatika, Bi Mwanamkasi," Luqmani akasema, bila kunitazama. "Za siku hizi wazitengeneza kwa makopo ya samaki."

"Pole mzee," akasema Bi Mwanamkasi. "Si kosa lako."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Luqmani wakati ule. Miaka sita nimemdharau kwa nyundo yake, kwa wimbo wake, kwa kopo lake lisilo na kifuniko, na leo amenifunika mbele ya watu kama mtu anavyomfunika mlevi barabarani. Nimeingia chumbani. Nikalifungua daftari hili kutafuta ni siku gani nilizikunja zile pini, ili nijitetee.

Nimesoma tarehe tatu Aprili. Halafu nimesoma tarehe tano.

Jumapili, 4 Mei

Sikwenda ibada. Nimetazama yale niliyoandika juu ya kuku anayetaga njiani.

Jumatatu, 5 Mei

Asubuhi walikuwapo wote uani: Bi Mwanamkasi, Luqmani, na Bwana Anold aliyekuja kutazama kwadi zake. Nilivaa koti langu la ibada. Niliwaomba radhi kwa kuwapotezea muda, kisha nikasema kwamba pini haikukatika. Nilisema kwamba sikuitia. Nilisema kwamba niliikaza nati ile na kuiacha wazi, nikaenda kumdharau Bwana Anold kwa nusu saa, nikarudi nikanawa mikono. Na kwamba pini ilipobaki kisahanini mwangu, nilikuwa tayari kuamini ni ya mtu yeyote isipokuwa mimi. Na kwamba niliitupa katika kopo la Luqmani.

Bwana Anold alivua miwani. Ni mara ya kwanza kuyaona macho yake, ni ya mtu wa kawaida.

"Najua, mzee," Luqmani akasema.

"Unajua nini?"

"Niliiona ile pini. Saizi ya kwadi, nami wiki ile sikuwa na kwadi, nilikuwa na bajaji mbili. Nikasema, huyu mzee anitilia pini yake anitukane, kwamba mkono wangu hautaki." Alifuta mikono, ambayo ilikuwa safi. "Ningekuuliza. Lakini kukuuliza wewe, mzee wangu, yataka moyo."

Hakuna aliyecheka. Bi Mwanamkasi alisema tu, "Nyie wanaume wawili, mngemuua mtoto kwa kununiana," akaenda kuanua nguo, maana mvua ilikuwa imeanza.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua inapungua. Nimemkabidhi Luqmani pula. Ameikubali, kisha akaendelea kutumia nyundo.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Luqmani ameimba. Ni ubeti ule ule, na bado anaukosea.

Hapa kurasa zinaisha, mwanangu. Sasa umejua kwa nini mtandao ulikuwa mbaya. Uliniomba samahani kwa kunisumbua, siku ile uliposema kwamba gurudumu linaita. Naomba uichukue tena samahani hiyo, maana haikuwa yako kuitoa.

Barua hii anaileta Luqmani mwenyewe, anayepanda kesho na lori la ndizi. Anakuja na mkono mpya wa gurudumu na vifundo vinne. Vina chuchu ya grisi, ameshinda. Mimi siji, na si kwa sababu ya goti. Atagonga badala ya kuvuta, na ataimba. Mvumilie, nati anazikaza vizuri.

Lakini ndani ya bahasha hii, katika karatasi iliyokunjwa, utakuta pini nne. Nimemwomba asiguse hata moja, naye amekubali. Akimaliza, mwambie asimame kando. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Lishike kushoto na kulia, ulitikise. Pitisha kidole kwenye kila nati. Usikiapo chochote, hata kidogo, amini sikio lako na umrudishe kazini, bila kumwomba radhi. Usiposikia kitu, zikunje wewe.

Baba yako mwenye kukukosea,
Fanueli